Mwanaume wa Miaka Kumi na Sita

Simu iliingia Jumapili asubuhi nikiwa napiga pasi gauni la kanisani. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa amelala seli mjini Meru kwa sababu alijaribu kuingia klabu na kitambulisho kilichochezewa. Aliyenipigia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye kijana alikuwa amemtembelea likizoni. Hakusema pole. Alisema, "Shemeji, kuna kitu kidogo kimetokea, lakini usijisumbue kuja. Haya ni mambo ya wanaume."

Gauni liliungua nikiwa bado nimeshika simu.

Mambo ya wanaume. Nimeyasikia maneno hayo tangu kijana wangu atahiriwe. Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sina ugomvi na tohara. Kwetu Embu, na kwa Wameru nilikoolewa, mvulana hutahiriwa akimaliza shule ya msingi, hukaa kando wiki kadhaa na wanaume wanaomfunza, kisha hutoka akihesabiwa mtu mzima katika ukoo. Kaka zangu walipita huko na wakarudi na adabu kuliko walivyoenda. Baba yetu alimpa kila mmoja jembe na mistari yake ya kahawa, akawaambia wasimsumbue mama yao tena na nguo za kufua. Huo ndio utu uzima nilioujua mimi.

Wa kwangu alipelekwa kwa huyu shemeji, baba yake mdogo, mtaa wa Kinoru mjini Meru, kwa sababu baba yake hayupo tena na mwanamke hana usemi katika jambo hilo. Nilikuwa napeleka chakula mpaka getini, narudishiwa vyombo na mtu nisiyemjua. Alipotoka, shemeji alinikalisha kwenye kiti akanisomea masharti. Nisimchape. Nisiingie chumbani mwake. Nisimtume maji mbele ya watu. Na zaidi ya yote, nisithubutu kumwita mtoto, kwa sababu kumwita mtu aliyetahiriwa mtoto mbele ya wanaume wenzake ni tusi, na tusi hilo hulipiwa mbuzi.

Nilikubali. Kijana alikuwa na miaka kumi na minne, sauti haijamaliza kuvunjika, na bado alikuwa akilala mdomo wazi. Siku ya kwanza nyumbani kwetu, kijijini Kanja, alisukuma sahani akasema mwanaume hali ugali uliopoa. Nikaupasha. Mimi nashona sare za shule, nimemshonea kila kaptura aliyowahi kuvaa, na sasa alikuwa ananiangalia kama mhudumu wa hoteli aliyechelewesha oda. Nilijiambia ni upepo tu, utapita. Lakini kila likizo alitaka kwenda Kinoru, na kila alipotoka Kinoru alirudi na neno jipya la kunifunga mdomo.

Basi Jumapili hiyo niliacha gauni lililoungua mezani, nikavaa sketi ya kazi, nikaenda Meru.

Shemeji nilimkuta kwenye benchi la mapokezi ya kituo cha polisi. Ni mtu mkubwa, mchinjaji, mwenye bucha inayojulikana Kinoru, na watu humsifu kwa mkono mkunjufu wa kukaribisha. Shavu moja lilikuwa limejaa miraa ya kutafuna, kwa sababu hawezi kukaa siku bila miraa yake ya Kangeta, na pembeni mwa mdomo ute wa kijani ulikuwa umekauka. Benchi lilikuwa refu na watu walikuwa wengi, lakini pande zake zote mbili palikuwa wazi. Nikajua sababu nilipomkaribia. Alikuwa ananuka choo.

Mimi mtu huanza kumwangalia chini, kwenye pindo la nguo. Ni kazi yangu, siwezi kujizuia. Suruali yake ilikuwa ya kitambaa kizuri cha kijivu, imeshonwa na fundi anayejua, na ilikuwa na alama nyeusi iliyopanda hadi karibu na magoti. Juu ilikuwa imekauka na kupasuka, chini ilikuwa bado mbichi, inang'aa. Viatu sitavielezea.

"Umekanyaga nini?" nikamuuliza kabla hata ya salamu.

"Mvua ilinyesha huku," akasema. "Mitaro imejaa, na tangu jana sijafika nyumbani kubadilisha."

Nje ya kituo vumbi lilikuwa linapanda kila gari likipita. Lakini sikuwa nimekuja kwa ajili ya suruali yake, nikaenda kaunta.

Sajini wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole kuliko nilivyotarajia, ingawa usingizi ulikuwa umemlemea. Alitoa kitambulisho kwenye bahasha akakiweka juu ya kaunta. Nilikitambua mara moja. Kilikuwa cha binamu yake mwanangu, kijana mkubwa wa shemeji, ambaye mwaka uliopita alidhani amekipoteza akachukua kingine. Kumbe, kama mwanangu alivyonieleza jioni ile, hiki cha zamani kilipatikana nyuma ya kochi, na mtu akaona kina faida. Majina hayakuhitaji kuguswa. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa majina ya babu mzaa baba, kwa hiyo mwanangu na binamu yake wanaitwa sawa kabisa, jina kwa jina. Kilichobadilishwa ni uso tu. Picha ya pasipoti ya mwanangu ilikuwa imekatwa kwa makasi, ikabandikwa juu ya ile ya binamu yake, na juu yake ikapitishwa plastiki nyepesi ya kwenye vibanda vya fotokopi. Mlinzi wa mlangoni alipoikunja kadi kidogo, kona ikainuka na uso wa mwanangu ukabanduka.

Walikata hata vibaya. Sikio moja lilikuwa limebaki nje.

"Huyu kijana ni nani wako, mama?" sajini akauliza.

"Ni mtoto wangu."

Shemeji aliruka kutoka kwenye benchi na harufu yake ikaruka naye. "Shemeji! Chunga mdomo! Unajua vizuri hiyo neno haisemwi."

"Afande ameniuliza, nimejibu."

"Afande, usimsikize," akasema, akiinamia kaunta kana kwamba anamnong'oneza rafiki. "Huyu ni mama, na akina mama unawajua. Kijana ni mwanaume kamili, mimi mwenyewe nilimpitisha jandoni. Hebu tuongee kama wanaume, wewe na mimi, nje hapo." Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Sajini alimwambia autoe mkono mfukoni akae chini. Kisha akanigeukia, akanieleza taratibu, na ninamshukuru kwa hilo. Kama kijana yuko chini ya miaka kumi na nane, alisema, mambo yake ni ya afisa wa watoto. Angeondoka nami siku hiyo hiyo, turudi kesho yake na kuongea ofisini. Kama ni mtu mzima, angepelekwa kortini kesho pamoja na wale wengine walioko seli, ashtakiwe kwa kuharibu kitambulisho, na asipopata dhamana apelekwe rumande ya wanaume.

"Sasa shida ni moja," akasema. "Yeye mwenyewe ameniambia ako twenty-two, ile miaka ya kwenye kadi. Nimemuuliza mara tatu. Na huyu mzee anasema ni mtu mzima. Ni wewe pekee unasema ni mtoto. Uko na cheti chake cha kuzaliwa?"

Cheti kilikuwa shuleni. Walikichukua muhula uliopita kwa ajili ya kumsajili mtihani, na shule ilikuwa imefungwa. Nilimwambia sajini amwangalie tu, macho yangemtosha. Akasema macho hayaandikwi kwenye faili. Hata ningeleta karatasi gani yenye jina hilo, kuna vijana wawili wenye jina hilo. Alichotaka ni kijana mwenyewe abadilishe maelezo yake kwa mdomo wake, aseme ana miaka mingapi, na mtu wa familia amuunge mkono.

Neno moja tu. Kati ya mwanangu na rumande kulikuwa na neno hilo, na kila mwanaume aliyemheshimu alikuwa amemwapisha asilitamke.

Walimtoa. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, lakini nilipomwona nilibaki kumwangalia. Alikuwa amevaa shati la shemeji, mabega yake yamening'inia hadi karibu na viwiko. Juu ya mdomo alikuwa amejipaka wanja, ule wa nyusi, ili masharubu yake machache yaonekane mengi. Usiku kucha seli ilikuwa imeupangusa huku na kule, na sasa ulikuwa umesambaa hadi shavuni. Alinuka mkojo wa watu wengine. Nilitamani kulowesha ncha ya leso yangu kwa mate nimfute pale pale, kama nilivyomfuta uji usoni miaka yote ile, na nikajizuia kwa sababu najua angeusukuma mkono wangu.

"Mwambie afande una miaka mingapi," nikasema.

Hakuniangalia. Alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa anatafuna, macho ukutani.

"Twenty-two," akasema mwanangu.

"Twenty-two ya wapi? Nilikuzaa miaka kumi na sita iliyopita nikiwa nasomea ushonaji, nikaacha kozi. Hiyo sita nyingine umeitoa wapi?"

"Mathe, wacha kuniaibisha."

"Kesho watakupeleka kortini. Unaelewa? Utafungiwa na watu wazima, watu wa kila aina."

"Hata mimi ni mtu mzima," akasema, na sauti ikampasukia katikati. Mahabusu wawili waliokuwa wakifagia ukumbi wakacheka. Akainua kidevu, kile kidevu chenye wanja, akarudia. "Niko twenty-two. Hiyo kipande iko kwa kaunta ni yangu, jina ni yangu."

Sikuchukizwa na mwanangu. Nilichukizwa na jinsi alivyokuwa amefundishwa. Mtu mzima mwenye akili timamu alikuwa amemchukua mvulana wa miaka kumi na minne asiye na baba, akiwa na kidonda na homa, akiwa tayari kuamini chochote, na akamjaza kichwani takataka hii.

Sajini alivua miwani akajikuna macho. "Kijana, nakusaidia na hutaki kusaidika," akasema. "Haya, na yule mzee ulikuja na yeye kwa klabu ni nani?"

Mwanangu akaanza kukunja mikono ya lile shati.

"Mzee gani?" nikauliza.

"Yule mlinzi wa klabu ameandikisha," sajini akasema, akifungua karatasi. "Anasema kijana alikuja jana saa kumi na mbili na nusu jioni na mzee mmoja mnene. Mzee ndiye alimwambia, huyu ni wangu, ni mwanaume ametahiriwa, mpitishe. Mlinzi akasema lazima aone kitambulisho. Mzee akaingia, akaagiza meza, akawa anangoja. Kadi ilipobanduka, mlinzi akaita askari walikuwa doria hapo nje. Wakaingia kumtafuta mzee. Wanasema alipitia choo cha nyuma, akaruka ukuta, akaangukia ule mtaro wa maji taka. Walisikia tu chubwi. Giza lilikuwa linaanza, hawakumfuata. Nani angemfuata huko?"

Niliteremsha macho polepole hadi kwenye pindo la ile suruali ya kijivu. Sajini alikuwa nyuma ya kaunta ndefu na alichokiona cha shemeji ni kutoka kifuani kwenda juu. Harufu bila shaka aliisikia, lakini kituo kizima kilikuwa na harufu zake, na nadhani aliihesabu pamoja na hizo.

Shemeji aliacha kutafuna.

Hapo ndipo nilipouona uchafu wote kwa pamoja, na sikuwa nimeuona hivyo hata siku moja katika miaka miwili ya masharti yake. Huyu mtu hakuwa akiilinda heshima ya mwanangu. Kijana akiwa mtoto, basi kuna mtu mzima aliyempeleka mtoto klabu, akampa kitambulisho cha mwanawe, akamwagizia meza. Kijana akiwa mwanaume, hakuna kosa ila la kijana. Mila ya baba yangu na kaka zangu, iliyowapa watu jembe na kahawa, alikuwa anaitumia kama kitambaa cha kufutia viatu. Na alikuwa tayari mwanangu aende rumande ili yeye arudi kwenye bucha yake Jumatatu akauze nyama.

"Shemeji," nikasema, "twende nje kidogo."

Nje kulikuwa na uzio wa michongoma na jua kali. Nilisimama upande upepo unakotoka.

"Ulikuwa na yeye," nikasema.

"Unajua vile vijana wa siku hizi..."

"Ulikuwa na yeye, ukamwacha mlangoni, ukarukia kinyesi."

Alitema miraa chini. Bonge la kijani lilianguka karibu na kiatu changu. "Nilitaka ajifunze maisha na mtu anamjua, si na watu wa barabarani. Baba yake angekuwa hai angefanya hivyo hivyo."

Marehemu mume wangu alikuwa hanywi hata shandi, ile bia iliyochanganywa na soda. Nilimwambia asimtaje ndugu yake akiwa ananuka hivyo.

"Mimi nikisema ni mtoto," akasema, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya kulia, "wataniuliza nani alimleta. Nitafungwa, shemeji. Niko na watu wananitegemea. Na hata hivyo, hiyo neno siwezi kuitamka. Nilimpitisha mimi. Nikisema ni mtoto, nitakuwa nimesema sikumpitisha. Wewe umeisema mara moja leo, hiyo tayari ni mbuzi. Usiongeze."

Mbuzi. Alisimama mbele yangu na mtaro miguuni ananidai mbuzi. Nimewahi kuchukizwa na watu, na nyama iliyooza, na panya waliofia nyuma ya cherehani, lakini chukizo la saa ile lilikuwa na uzito wake peke yake.

Ningeweza kurudi ndani na kumwambia sajini achungulie tu juu ya kaunta. Nililifikiria sana. Lakini nilimjua mwanangu. Nikimtaja baba yake mdogo, angeapa kwamba hamjui mtu yeyote, ana miaka ishirini na miwili, na mama yake ni kichaa, na angelala huko huko. Mtu pekee aliyeweza kumwambia aseme ni yule yule aliyemwapisha asiseme.

"Ingia ndani umwambie akubali ni mtoto," nikasema. "Mwambie wewe, kwa mdomo wako, sikioni. Ukifanya hivyo mimi sitasema lolote juu ya suruali yako."

"Na hutasema kweli?"

"Sitasema."

"Apa."

Niliapa kwa marehemu. Mpaka leo nikikumbuka najisikia kama nimeshika kitu kwa mkono mtupu na hakuna sabuni. Lakini niliapa.

Tuliingia. Shemeji alimsogelea mwanangu, akaweka mkono wake mzito juu ya lile bega linaloning'inia, akamnong'oneza Kimeru, maneno machache, sikuyasikia yote. Mwanangu alisimama wima kama gwaride.

"Mimi ni mtoto," akasema kwa sauti kubwa, akitazama mbele. "Niko na miaka kumi na sita."

Sajini aliandika. Nilipaswa kufurahi, na mwili kwa kweli ulipoa. Lakini nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe, nimemsihi mbele ya askari na mahabusu, akaniona kero. Yule aliyemkimbia alimnong'oneza tu, naye akatii hapo hapo. Na sajini alipomuuliza tena kuhusu yule mzee, alisema hamjui, walikutana tu mlangoni.

Tuliachiliwa kwa sharti la kurudi Jumatatu. Tulilala gesti karibu na soko, yeye kitanda kimoja, mimi kingine. Wakati wa chai ya jioni nilimuuliza kama aliona baba yake mdogo akikimbia.

"Niliona," akasema.

"Na bado unamficha?"

"Mwanaume akishikwa hataji wenzake. Hiyo ndiyo ya kwanza tulifunzwa." Akavunja kipande cha mkate. "Na wewe hujui yenye ilinifanyikia huko ndani ya seli."

"Niambie basi."

"Wewe ni mama," akasema, na akaendelea kula. Wanja ulikuwa umeoshwa, na chini yake uso ulikuwa wa yule niliyemzaa, mviringo, na chunusi mbili kwenye paji.

Afisa wa watoto, tuliporudi Jumatatu, alikuwa mwanamke kijana, sauti yake ya upole, mezani ameweka chupa ya maji na mfuko wa njugu. Alituita wote watatu, kwa sababu shemeji alikuwa amekuja bila kuitwa. Alikuwa ameoga. Alikuwa na suruali nyingine, imepigwa pasi mpaka mstari unakata, na kofia mkononi, na alinuka sabuni ya mche. Alijibu kila swali kabla halijaisha, ndiyo madam, sawa madam.

Yule dada aliongea na mwanangu vizuri. Alimuuliza masomo, akamuuliza baba alifariki lini, akamuuliza nani hukaa naye wakizungumza. Kisha akasema yeye hataki kupeleka jambo hili mbali, kwamba anaona kijana mwenye akili aliyekosa mtu wa kumfuata. Angependa kumweka chini ya uangalizi wa mwanaume mmoja wa familia, mtu wa kuheshimika, ambaye atakuwa akikaa naye likizo zote hadi amalize shule, na kuja kutoa ripoti ofisini.

"Unaona nani anafaa?" akamuuliza mwanangu.

"Anko," akasema mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili uso wake ulichangamka.

"Na wewe mzee, utakubali?"

"Ni wajibu wangu, madam," shemeji akasema. "Tayari nilimlea kwa mambo makubwa. Mama yake najua atakubali." Kisha akanigeukia akatabasamu. Alitabasamu kwa utulivu kabisa, kama mtu aliye na risiti mfukoni, na katikati ya meno kulikuwa na uzi wa kijani.

Afisa alishika kalamu. Nilikuwa nimeapa kwa marehemu mume wangu. Nilijua nikinyamaza, kijana wangu angemaliza utoto wake mikononi mwa mtu huyu kwa amri ya serikali, na angetoka huko akiwa nakala yake: meno yake, kicheko chake, viatu vyake. Na siku moja angemwacha mtoto wa mtu mlangoni, akaruka ukuta.

"Madam, usiandike," nikasema. "Huyo ndiye aliyempeleka."

Nilisema yote. Nilisema mtaro, nilisema suruali, nilisema kochi na kitambulisho cha binamu, nilisema ahadi niliyoapishwa kwenye uzio. Shemeji alianza kwa kucheka, akaendelea kwa kupiga kelele, akamalizia kwa kutafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake. Afisa alitoka akapiga simu, na baadaye mlinzi wa klabu aliitwa akamtambua bila kusita. Yaliyomfika baada ya hapo ni kati yake na sheria. Bucha ingali inauza, ila anayekata nyama siku hizi ni mwingine. Mwanangu nilikabidhiwa mimi, mwanamke, hadi atakapofika miaka kumi na minane.

Tunaishi naye Kanja. Anakwenda shule, anakula ninachopika hata kikiwa kimepoa, anafua nguo zake mwenyewe. Asubuhi huniamkia kwa adabu, kama mpangaji anavyomwamkia mwenye nyumba. Akitaka kitu anakitaja bila kunitaja mimi: chumvi iko wapi, daftari limejaa. Wanawake wa kanisani wananiambia ni hasira, zitaisha, nami nawaambia sawa.

Lakini siku ile ofisini, kabla mlinzi hajaitwa, afisa alimgeukia mwanangu akamuuliza kama niliyoyasema ni kweli. Alisimama. Aliifunga mikono nyuma. Alimtazama yule dada usoni, akasema kwa sauti ambayo safari hii haikupasuka: "Mama yangu ni mwongo."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akiniita mama.